Naombeni ushauri: nimealikwa tamasha la tekno Ujerumani, eti wanaoenda wote ni mateja?

binti_raskazone: Wakuu habari za jioni. Nipo Ujerumani nasomea uuguzi, wenzangu wa darasani wananishawishi twende Nature One mwezi wa nane, ile ya kwenye kambi ya zamani ya makombora kule Kastellaun, mnalala kwenye mahema mnacheza mpaka kunakucha. Kaka yangu nimemgusia tu kwenye simu kawaka, anasema huko wote mateja na mweusi akitia mguu anaonekana ndo muuzaji. Mi pombe situmii, na umati hata wa Simba na Yanga naogopa. Aliyewahi kwenda anieleze watu wanakuwaje, niende au niuchune?

fundi_spika: Kaka yuko sahihi. Mambo ya wazungu hayo, tuf tuf tuf usiku kucha hakuna hata maneno, bila unga utavumiliaje 😂

mjomba_getini: Mpuuze huyo. Mi nafanya ulinzi kwenye matamasha huku. Vidonge vipo sikudanganyi, na polisi wanasimamisha magari njiani wanakagua, so usikubali kubebeshwa begi la mtu hata awe rafiki. Na ndio, sisi weusi tunasimamishwa zaidi, tembea na kitambulisho. Ila wengi pale ni watu wa kawaida tu, mafundi, wauguzi kama wewe, na vizee vilivyoanza kucheza tangu ukuta wa Berlin unaanguka. Ngumi naziona mara chache kuliko kwenye mpira, kila mtu anamwangalia DJ na mambo yake, akikukanyaga anaomba radhi. Mimi kinachonitisha ni njia za kupita. Love Parade, tamasha la tekno la Duisburg 2010, walikufa watu 21 na wala haikuwa unga, ni msongamano, wanaoingia na wanaotoka wote wanapita handaki na mteremko uleule, wa nyuma wanazidi kuja wa mbele hawana pa kwenda. Ukifika jua kwanza utatokea wapi, kaa pembeni kwa nyuma, ukiona mikono hainyanyuki vizuri ushachelewa kidogo, iweke kifuani, usishindane na watu, nenda nao huku unakata kuelekea pembeni.

binti_raskazone: Asante mjomba. Na wanaume? Ndo naogopa zaidi

mama_wawili_koeln: Mdogo wangu, wasumbufu hawakosi, ila kwa uzoefu wangu disko za kawaida za mjini ndo balaa zaidi. Kinywaji chako usikiache, ukikiacha mwaga. Matamasha mengi huku siku hizi yana watu wa kukusaidia ukishikwashikwa, uliza mapema wanakaa wapi. Nenda na wasichana wenzio mkubaliane pa kukutana maana mtandao unakata. Vizibo vya masikio beba, usione aibu, wenyewe wanavaa.

dj_manzese: @fundi_spika mambo ya wazungu kivipi? Tekno imetoka Detroit, vijana weusi kina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson miaka ya 80, Mjerumani kadandia. Singeli nayo si mlisema ya wahuni? Leo inapigwa Ulaya na inakimbia kuliko hiyo tekno, na watoto wa uswahilini wanaicheza na soda mkononi.

fundi_spika: Soda ya wapi hiyo mkuu 😂😂 haya dada nenda, ila kaka mwambie umeenda kambi ya wauguzi

mama_wawili_koeln: Asidanganye. Amtumie video ya mchana aone vile vizee.