Kolajeni ya kopo 110,000: ninunue au niache? (Arusha)

Mama Pendo wa Sakina

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 44, nauza nguo za mtumba Soko la Kilombero, mwaka wa kumi na mbili sasa. Meza yangu haina paa. Jua la asubuhi linanipiga shavu la kulia mpaka saa sita, ndipo kivuli cha ukuta kinanifikia. Juzi tulipiga picha kwenye send-off ya mdogo wangu, nikajiona vizuri: shavu la kulia lina madoa na limelegea kuliko la kushoto. Mgeni mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mama wa bibi harusi. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilipofika nyumbani nililia.

Wifi yangu anauza kolajeni ya unga, ile protini inayoikaza ngozi; anasema ya mwilini inapungua tangu miaka ya ishirini na kitu. Kopo moja 110,000, linaisha ndani ya mwezi, na anasema matokeo ni baada ya makopo matatu. Hiyo ni 330,000, na Januari nina ada ya watoto wawili. Kuna aliyetumia akaona tofauti? Au kuna chakula cha kawaida kinachofanya kazi hiyohiyo?

Jambo lingine, naona aibu kulisema ila nalisema. Napaka krimu ya kuchanganyiwa, nilinunua duka fulani la vipodozi. Kikopo cheupe, hakina maandishi yoyote. Mwanzoni ilinitakatisha, sasa nikiinama jikoni uso unawaka moto, na kwenye mashavu naona vimishipa vyekundu. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Mpika supu Mbauda

Pole mama Pendo. Mimi napika makongoro tangu alfajiri. Supu ikibaki mpaka kesho yake inaganda, ukitikisa sufuria inacheza. Kule kuganda ndiyo kolajeni ya miguu na ngozi ya ng'ombe iliyoyeyuka kwa kuchemka muda mrefu. Bakuli nauza 3,000. Nina miaka 51 na watu wananipa 40, ila nikuambie ukweli, mimi niko chini ya bati kutwa nzima. Siwezi kukuapia kwamba ni supu.

Nesi mstaafu, Moshi

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Acha kopo la wifi kwanza, tuanze na hicho kikopo cheupe, maana hapo ndipo penye moto.

Nimefanya kazi kliniki za ngozi miaka mingi na mkorogo naujua kwa harufu. Uso unaowaka karibu na jiko, vimishipa vyekundu mashavuni, ngozi iliyotakata haraka halafu ikawa laini kama karatasi: mara nyingi ndani yake kuna steroidi kali, ile ya jamii ya klobetasoli. Dawa hiyo hospitalini inatumika kwa magonjwa maalumu, kwa muda mfupi. Ukiipaka usoni miezi na miezi inazizuia chembe za ngozi kutengeneza kolajeni, na ngozi inakuwa nyembamba. Yaani asubuhi unabomoa kwa krimu, jioni unataka kujenga kwa unga wa 110,000. Mikorogo mingine ina zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Ila usiitupe leo ukakaa kimya nyumbani. Ukiacha steroidi ghafla uso unaweza kuvimba na kutoka vipele, na wengi hapo ndipo wanapoirudia. Nenda kwa daktari wa ngozi, na kikopo uende nacho.

Pili, jua. Shavu lako la kulia limeshakujibu swali kabla yetu. Geuza mkono utazame ngozi ya ndani, karibu na kwapa, kisha utazame ya mgongo wa kiganja. Umri ni uleule! Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya jua huongezeka kwa karibu asilimia 10. Ubaridi wa Juni na Julai unatudanganya, mionzi inapenya mawingu. Weusi wetu unatukinga kwa kiasi, hautukingi kabisa. Nimewahudumia vijana wenye ualbino ambao kwenye miaka yao ya ishirini ngozi ya shingo ilishakunjamana kama ya mzee, na ni jua tu. Ndiyo maana hapa Moshi, hospitali ya KCMC, wanatengenezewa mafuta yao ya kukinga jua, Kilisun. Wewe nunua turubai au mwavuli mkubwa wa sokoni, kofia pana, na losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 kwenda juu, uipake asubuhi na urudie saa sita. Hela hiyo itakulipa kuliko kopo.

Sasa kolajeni yenyewe. Wifi hajakudanganya kwamba inapungua tangu miaka ya ishirini na kitu, na hedhi ikikoma ngozi hupoteza karibu asilimia 30 ndani ya miaka mitano ya kwanza. Lakini ukiimeza, iwe unga au makongoro, tumbo linaikatakata vipande vidogo, na mwili ndio unaoamua vipande viende wapi. Havina amri ya kwenda shavuni. Zipo tafiti zilizoonyesha ngozi kupata unyevu zaidi baada ya wiki kadhaa, ila nyingi zimelipiwa na wauzaji. Ya kupaka ndiyo kabisa, haipenyi. Mwili wenyewe ukipata protini ya maharage, mayai au dagaa, pamoja na vitamini C, unatengeneza. Pera moja lina vitamini C ya kutosha siku nzima, lile mbichi, si la kuchemsha.

Dawa ya kupaka iliyothibitika kuamsha kolajeni ni tretinoini, ya ukoo wa vitamini A. Hiyo uandikiwe na daktari, baada ya uso kupona, na mjamzito haigusi.

Binti wa Kiboriloni

Mimi nilikunywa ya unga miezi miwili. Ngozi ilikuwa laini kidogo, lakini kipindi hichohicho nilianza kupaka losheni ya jua, kwa hiyo sijui nishukuru kipi. Hela ilipoisha nikabaki na losheni, na ulaini haujaondoka.

Mama Pendo wa Sakina

Shikamoo dada nesi, na asanteni wote. Nimeutazama mkono wangu kama ulivyosema, nikamwita na binti yangu aje aone. Wifi nitamweleza taratibu, sitaki ugomvi. Jumatatu nafunga meza nakuja Moshi. Je, mpaka siku hiyo nisipake kitu kabisa?

Nesi mstaafu, Moshi

Marahaba. Nawa kwa maji ya kawaida, paka vaselini nyepesi, na usiongeze krimu nyingine yoyote. Uso ukivimba kabla ya Jumatatu usisubiri, nenda hospitali ya karibu siku hiyohiyo. Na kofia uanze kesho.