Mpira wa dadu mezani: tuwafundishe watoto au tuuache?

Mwenye mada, Kikwajuni: Assalaam alaykum. Naileta hapa kwa sababu barazani imeshatugawa. Upo mpira unaochezwa mezani kwa kadi na dadu mbili. Kila mchezaji ana kadi yake, na uwezo wake umeandikwa kwa kufuata alivyocheza msimu uliopita: kapiga mashuti mangapi, kafunga mangapi, kipa kaokoa mangapi. Wewe ndiye kocha. Unapanga kikosi, unarusha dadu, kadi inakwambia kilichotokea. Wamarekani walikuwa wakicheza besiboli ya namna hii tangu 1951 kwa mchezo unaoitwa APBA, na kwenye soka nako ikaingia. Sisi tunaoucheza hapa mjini sote tuna mvi. Nasema upelekwe skuli, watoto waujue. Anayepinga aseme.

Maalim, Malindi: Waalaykum salaam. Mimi napinga, na napinga hizo dadu. Hadithi ya nardashiri, mchezo wa dadu wa zamani, imo katika Sahih Muslim, na wanazuoni wengi wameifahamu kwamba mchezo wa dadu haufai hata kama hapana senti moja mezani. Kwa hiyo usinambie "hatuchezi kamari". Mtoto anatoka chuoni kwangu jioni, msahafu mkononi, wewe umpokee kwa dadu?

Kijana, Jang'ombe: Shikamoo Maalim. Ludo mbona imejaa majumbani na hatujasikia neno?

Maalim, Malindi: Marahaba mwanangu. Neno limesemwa, nyinyi hamkulisikia. Na kujaa kwake majumbani hakukuihalalisha.

Mwalimu wa hesabu, Chake Chake: Kwa heshima yako Maalim, mie fatwa sitoi, nasema la darasani. Dadu mbili zina matokeo 36. Saba inatoka kwa njia 6, mbili kwa njia 1 tu, na kumi na mbili vilevile. Ukiandika "goli" kwenye 11 na 12, mshambuliaji wako ana nafasi 3 kati ya 36, yaani shuti moja katika kila 12. Muongezee 7, anapata 9 kati ya 36, robo nzima, na hapo umeshamfanya hatari kama washambuliaji wakali kabisa wanaovaa njumu. Mtoto anayebuni kadi kama hizo ameshaingia kwenye somo la uwezekano bila ya kuogopa ubao. Kama tatizo ni dadu yenyewe, basi andikeni vikaratasi 36, sita vya saba, kimoja cha mbili, na kuendelea. Tieni kwenye kikombe, chomoa, soma, rudisha. Hesabu haibadiliki.

Maalim, Malindi: Hivyo vikaratasi ni dadu iliyovaa kanzu. Lakini nitalifikiria.

Fundi keram, Darajani: Yakhe, mnajitesa bure. Uingereza kuna Subbuteo, aliubuni Peter Adolph wa Tunbridge Wells mwaka 1946. Vijichezaji vimesimama juu ya kitako cha duara, unavipiga kwa ukucha, vinaupiga mpira. Hapana dadu, hapana kadi, ni kidole chako tu. Kijana anayeitia kete tunduni kwenye keram mnadhani atashindwa? Wana hata shirikisho lao la kimataifa, FISTF, tangu 1992.

Mwenye mada, Kikwajuni: Mzuri, siukatai. Ila pale mwenye ukucha mwepesi atashinda akiwa na timu yoyote, na kocha hana kazi. Mimi raha yangu ni kuirudia fainali ya Kombe la Mapinduzi ya 2024, Mlandege na Simba, moja bila. Nataka niicheze mara nyingi nione ile moja bila ilikuwa bahati au ilikuwa imepangwa vizuri. Kidole hakinipi jibu hilo.

Kijana, Jang'ombe: Ami, samahani, hamjauliza kwa nini sisi hatuji. Kwenye kibanda cha gemu mechi inaisha upesi na nikifungwa nampisha mwenzangu. Kwenu mechi moja inakula baina ya Laasiri na Magharibi, na kadi zenyewe ni za Waingereza waliostaafu kabla baba yangu hajaoa! Nileteeni timu zetu: KMKM, Zimamoto, Jamhuri ya Pemba. Bora zaidi, tuachieni tuzitengeneze wenyewe. Mkitupa daftari tutakaa uwanja wa Mao Zedong tuhesabu mashuti, wa Pemba wakae Gombani. Hiyo kazi ya kuhesabu ndiyo itakayotuleta, kurusha dadu kutafuata. Au vikaratasi, Maalim asikasirike.

Dada, Wete: Na wasichana wahesabiwe humo. Kibandani usiku hatuendi, lakini meza ya ukumbini kwetu ipo.

Mwenye mada, Kikwajuni: Sawa kwa wote wawili. Skuli nimeiweka kando kwanza, tuanze na daftari. Mechi tutaipunguza iwe mashuti kumi kila upande.

Mwalimu wa hesabu, Chake Chake: Kumi ni kidogo, mechi kadhaa zitaisha bila bila. Wekeni kumi na tano.

Mstaafu, Mkoani: Mimi niliwahi kuchezea timu ya mtaa, nakuulizeni moja. Ligi hii kila mchezaji ni mpwa wa mtu au shemeji wa mtu. Siku kijana wenu atakapomwandikia straika shuti moja katika 36, na mama yake straika anakaa nyumba ya pili, nani atakwenda kubisha hodi kumueleza?

Kijana, Jang'ombe: Tutamtuma Maalim.