MJADALA: Ndege za rimoti, kubwa au ndogo? Za petroli zifukuzwe uwanjani?

Kipanga_TX: Wakuu habari. Huku Texas uwanja tunaorushia majirani wanalalamika kelele, sasa kuna wenzetu wanataka ndege kubwa za petroli zipigwe marufuku zibaki za povu gumu (foam) na betri. Mimi nakataa. Ndege ya mabawa mita 2 na kitu, ncha hadi ncha, inatulia hewani, upepo haiujali, na hata ikienda mbali unaona imegeukia wapi. Hivi vya gramu 200 ni midoli ya watoto tusidanganyane.

BintiWaLeeds: Midoli?? Hiyo midoli ndiyo imenifundisha kurusha kaka. Ikianguka naipaka gundi jioni, kesho niko hewani. Wewe ukiangusha ndege ya balsa, ule mti mwepesi, yenye injini ya cc 50 unaokota vijiti, hapo nani anajifunza?

MzeeServo: Dada tulia hajakutaja. Ila Kipanga sema kubwa ni ipi, maana IMAA, chama cha warusha ndege kubwa za rimoti hapo Marekani, wanahesabu kuanzia inchi 80, zile za mabawa juu na chini inchi 60.

Kipanga_TX: Mzee inchi 80 ni mita 2 na sentimita 3. Nimeandika "na kitu", soma kwanza.

Njiwa_Mweupe: Mnagombania sentimita wakati hoja ni ikidondoka inampata nani. Ya kilo 10 ikija mita 20 kwa sekunde ni jouli 2000, ya nusu kilo kwa mita 10 ni jouli 25. Mara 80 hiyo! Nina watoto mimi, hilo nijibuni.

Kipanga_TX: Kwetu kuna mstari, hakuna anayesimama mbele yake. Wanaorusha maegesho ya magari ni hao wa vipovu, kwa sababu FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, chini ya gramu 250 kama ni ya burudani tu haidai usajili.

BintiWaLeeds: Sasa vipovu! Mimi nimefanya mtihani wa CAA, mamlaka ya anga ya Uingereza, na namba ninayo, usiniweke kundi moja na wahuni wako wa huko.

MzeeServo: Si Uingereza nako ni gramu 250?

BintiWaLeeds: Ilikuwa. Tangu Januari 2026 mtihani unaanzia gramu 100.

MzeeServo: Sawa. Lakini kwenye upepo Kipanga yuko sahihi, ukikuza ndege ileile mara mbili bawa linakuwa na eneo mara 4, uzito unakaribia mara 8, ndiyo maana haiyumbishwi. Ila inatua na spidi, mgeni haiwezi.

Njiwa_Mweupe: Basi kubwa ya betri, kelele zinapungua, majirani walale.

Kipanga_TX: Betri za 12S, zile kubwa za seli 12, utaninunulia wewe? Petroli najaza narudi juu sasa hivi, betri nichaji saa nzima nikiwaangalia wenzangu.

BintiWaLeeds: Kumbe ni pesa! Upepo ulikuwa wa nini? Waambie majirani hivyohivyo, kwamba wavumilie kelele kwa sababu betri ni ghali.

Kipanga_TX: Uwanja tumeukuta, nyumba zimekuja baadaye. Aliyenunua nyumba pale kelele alizisikia.

Njiwa_Mweupe: Na aliyezaliwa pale baada ya kununuliwa naye alizisikia? Acheni hizo.

MzeeServo: Mnaochaji lipo (hizo betri za lithiamu za ndege) ndani ya gari uwanjani hebu mjitokeze kwanza, maana jouli za Njiwa ni ndogo mbele ya moto wa lipo iliyovimba.