Ulinganisho: bahasha, kibubu cha simu, kikundi au kununua mapema? Ipi inashika bajeti ya zawadi za sikukuu huku Kusini

Mchanganuzi_Ligula

Habari za saa hizi wanajamvi. Uzi huu ni wa kulinganisha njia za kuzuia zawadi za sikukuu zisile hela ya chakula na ya shule, kwa mazingira ya Mtwara na Lindi. Nataja mazingira kwa sababu ushauri wa "weka kidogo kila mwisho wa mwezi" unamfaa mwenye mshahara. Huku hela ya wengi inaingia na korosho, kuanzia minada ya Oktoba, na kidogo na ufuta katikati ya mwaka. Krismasi inakuta hela mkononi, Idi el-Fitri inakuta imekwisha. Halafu mwaka wa Hijiria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi inarudi nyuma: 2026 ni Machi, 2028 ni mwishoni mwa Februari, na 2031 itakuwa Januari, mwezi uleule wa sare na madaftari. Asiyejipanga kuanzia sasa atazikuta zote mbili mlango mmoja.

Kabla ya njia yoyote, orodha. Andika majina ya watu, usianze na vitu. Watoto wa ndani, watoto wa dada (huku kwetu mjomba ndiye anayeangaliwa wa kwanza, halikwepeki hilo), wazazi, wakwe, mwalimu wa madrasa au wa kwaya, jirani mwenye watoto. Mbele ya kila jina weka kiasi cha juu kabisa, kisha jumlisha. Ongeza mstari wa watoto watakaopita asubuhi kudai mkono wa Idi. Kadiria idadi kwa waliopita mwaka jana. Jumla ikizidi uwezo, punguza kiasi kabla ya kufuta jina. Jina lililofutwa hurudi lenyewe siku ya sikukuu, na linarudi halina fungu.

Zakatul-fitri isiingizwe kwenye orodha ya zawadi. Hiyo ni wajibu, pishi ya nafaka kwa kila kichwa, wengi wanakadiria kilo 2.5. Nyumba ya watu saba ni kilo 17.5, na itoke kabla ya swala ya Idi. Itengwe juu kabisa, ndipo zawadi zifuate.

Njia ninazoona zinatumika ni bahasha, kibubu cha simu, kikundi, kununua mapema, na ndugu wazima kuokota majina (kila mmoja anampa zawadi yule tu aliyemwokota kwenye karatasi). Wenye uzoefu wa kila moja waeleze inapokwama.

Kijana_wa_Newala

Naanza na bahasha, maana inadharauliwa na ndiyo inayomfaa mwenye hela ya msimu. Malipo ya korosho hayaji kwa mkupuo. Kilo zikiuzwa mnadani, mnunuzi analipa, makato yanatoka, mkulima anapata kwenye akaunti. Mnada mwingine, malipo mengine. Kosa kubwa ni kusema "nitatenga kwenye malipo ya mwisho". Ya mwisho ni ya kilo za kufagia shamba, na mvua ikishanyesha daraja la korosho linashuka.

Tenga kwenye kila malipo, siku ileile. Mfano: katika kila 100,000 toa 8,000 ya sikukuu na 15,000 ya shule. Ukipata 1,500,000 kwa minada mitatu, sikukuu ina 120,000 na shule ina 225,000. Ile 120,000 igawe: Idi el-Fitri 70,000, Idi el-Hajj 20,000, na 30,000 ya jina lililosahaulika. Wa Krismasi abadilishe majina ya bahasha, hesabu ni ileile.

Inapokwama ni kwenye noti. Ukiwa na noti za 10,000 tu asubuhi ya Idi, mtoto uliyempangia 1,000 ataondoka na zaidi, au utaazima chenji kwa jirani na hesabu itapotea. Watoto 28 wa 1,000 ni noti 28 za 1,000. Vunja wiki mbili kabla, kwa sababu siku tatu za mwisho kila mtu anazitafuta hizohizo. Na anayechota kwenye bahasha kwa dharura aandike nyuma yake tarehe na kiasi. Bahasha isiyoandikwa inageuka pochi.

Shangani_Bi_Hesabu

Kaka wa Newala, hesabu yako ni nzuri, ila hela ya Novemba kukaa ndani hadi Machi ni muda mrefu mno. Mgonjwa, msiba, mgeni, panya, vyote vinaijua njia ya kabatini. Kwa kipindi kinachozidi miezi miwili naweka simu au akaunti ya akiba mbele, kwa masharti.

Isikae kwenye laini unayonunulia vocha na luku. Iwe kwenye huduma ya akiba iliyotengwa, au laini ya pili ambayo namba ya siri anayo mwenza wako. Kisha uangalie makato. Mtumaji analipa kutuma, mpokeaji analipa kutoa, na viwango vinapanda kwa ngazi. Kiasi kinachovuka ngazi kwa shilingi chache kinatozwa ada ileile ya kiasi cha juu kabisa cha ngazi inayofuata, kwa hiyo angalia jedwali la mtandao wako kabla hujaamua umtumie mtu ngapi. Mwenye wazazi, shangazi na watoto watatu kijijini asitume mara tano. Atume mara moja kwa mtu mmoja anayeaminika, na ujumbe wenye majina na kiasi cha kila mmoja. Ada ya kutolea iongezwe humohumo na ihesabiwe kama sehemu ya zawadi. Wengi wanaisahau, mama anapokea pungufu, anaongezewa, bajeti inapasuka hapo.

Tuma siku tatu au nne kabla. Mkesha wa sikukuu wakala wa kijijini anaishiwa hela taslimu, na mzee anaambiwa arudi kesho. Na soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe wa "ile hela tuma namba hii" huongezeka sana majira haya.

Mweka_Hazina_Lindi

Upande wa vikundi, naomba tutofautishe aina tatu, kwa sababu watu wanaziita kwa jina moja kisha wanalaumiana.

Upatu hauongezi hela, unabadilisha tarehe. Watu 10 wa 5,000 kwa wiki, kila wiki mmoja anabeba 50,000. Idi ikiwa tarehe 20 Machi, mzunguko ukianza wiki ya pili ya Januari, zamu za mwisho zinaangukia kwenye manunuzi. Wenye orodha ndefu wawekwe zamu ya 7 hadi 10, wasio na Idi wachukue za mwanzo. Ukipiga kura ya zamu bila kuangalia hilo, aliyebeba ya kwanza atakuwa amekula na bado anadaiwa wiki tisa, zikiwemo wiki za kununua.

Kikundi cha hisa kinalipa vizuri zaidi lakini kinakwama kwenye kuvunja, yaani siku ya kugawana akiba. Wanachama wanategemea hela tarehe 15 Desemba, ikifika, nusu ya mtaji uko kwenye mikopo ambayo haijarudi. Katiba iseme mkopo wa mwisho unatoka miezi mitatu kabla ya kuvunja, na marejesho yote yafungwe wiki nne kabla. Bila hivyo msipange zawadi kwa kutegemea mgao.

Cha tatu ni kikundi cha bidhaa, na kwa maoni yangu ndicho kinachoshika bajeti kuliko vyote, kwa sababu mwanachama anapewa mchele mkononi na ule mchele hauendi kwenye vocha. Watu 20 wakiweka 3,000 kwa wiki, wiki 16, kila mmoja ana 48,000 na kikundi kina 960,000. Uzuri wa 20 ni mgawanyo: mfuko wa sukari wa kilo 50 unatoa kilo 2.5 kwa kila mtu, gunia la mchele la kilo 100 linatoa kilo 5, dumu la mafuta la lita 20 linatoa lita moja. Hapo mtu anapata kapu la wazazi bila kulipa bei ya kilo mojamoja.

Yanayoharibu: kugawa kwa kopo badala ya mizani, kumlipa mwenye duka la jumla mapema bila risiti yenye kiasi, bei na tarehe ya kuchukua, na kununua wiki ya mwisho. Nunueni siku 14 kabla. Chenji ikibaki, igawanywe taslimu siku hiyohiyo. Ikiingia kwenye "tuongeze soda", mwakani watu wanaanza kujitoa.

Mama_Vitenge_Masasi

Niseme kuhusu kununua mapema, kwa sababu watu wanadhani mapema ni mapema tu. Kila kitu kina wakati wake.

Khanga na vitenge nunua miezi miwili au mitatu kabla, haviharibiki. Khanga omba kwa doti nzima na soma jina kabla ya kulipa. Kuna maneno ambayo ukimpelekea mama mkwe utaeleza mwaka mzima. Nguo ya kushona ifike kwa fundi cherehani kabla Ramadhani haijaanza, ikichelewa sana ndani ya kumi la kwanza. Kumi la mwisho fundi anapokea kila kitu na kukataa hapendi, ndiyo maana nguo nyingi hutoka usiku wa Idi zikiwa na pindo la kubandika. Watoto watatu wa nguo zinazofanana, mpelekee fundi vipimo kwanza akuambie yadi, ndipo ununue. Ukinunua kwa kukisia utarudi dukani na rangi ile itakuwa imekwisha, utaanza upya.

Viatu usinunue mapema mno. Mguu wa mtoto unakua, na ngozi bandia ikikaa kwenye joto na unyevu wetu wa pwani inachanika vipande hata haijavaliwa. Wiki nne zinatosha. Simamisha mtoto juu ya karatasi, chora mguu, acha upana wa kidole gumba mbele, nenda na hiyo karatasi sokoni. Midoli ya betri, toa betri mpaka siku yenyewe.

Kasoro kubwa ya njia hii ni kununua mara mbili. Kila kitu kikifika nyumbani kiingie mfuko wenye jina la mtu, na jina likatwe kwenye orodha siku hiyohiyo. Na punguzo la bei kwa kitu ambacho hakina jina kwenye orodha ni matumizi, siyo akiba.

Mgeni_wa_Mtanda

Shikamoo Mama Vitenge. Naomba kuuliza kuhusu kuokota majina. Kwenye ukoo wa watu wazima 12, wazee hawatachukia? Na kiasi kinawekwaje?

Mama_Vitenge_Masasi

Marahaba mwanangu. Wazee wasiingizwe kwenye kuokota. Wazee wanapewa na wote, kitu kimoja cha maana: bati, godoro, blanketi nzito, tochi ya sola. Watoto nao wabaki nje, wanapewa kama kawaida. Wanaookota ni ndugu wa rika lenu tu.

Mchanganuzi_Ligula

Naongezea kwa Mgeni. Hesabu ndiyo inayoshawishi: watu 12 wakipeana wote ni zawadi 132, wakiokota ni 12. Fanyeni wiki sita kabla, karatasi 12, mume na mke wasiokotane. Wekeni kiwango cha chini na cha juu, tuseme 8,000 hadi 12,000, kwa sababu mkiweka cha juu peke yake mmoja ataleta sabuni na mwingine doti ya khanga, na mwakani hakuna atakayekubali. Aliye Dar aokotewe na dada mkubwa na apewe jina kwa simu. Mwenye msiba au ugonjwa nyumbani aruhusiwe kujitoa kabla ya kuokota, siyo baada.

Mwalimu_Ruangwa

Kwa wanaosherehekea Krismasi, kuna watu wanafunga sare na madaftari kama zawadi ili Januari iwe nyepesi. Naelewa hesabu yake, lakini sikubaliani nayo moja kwa moja. Sare ni haki ya mtoto, na mtoto anajua. Kinachofanya kazi ni kuchanganya: begi la shule alilochagua rangi mwenyewe, halafu kitu kidogo cha kucheza, mpira au kamba ya kuruka. Madaftari yanunuliwe Desemba mwanzoni kwa dazeni, yatoke kwenye bahasha ya shule. Mkichanganya bahasha hizi mbili hamtajua ipi imekula nyingine.

Kijana_wa_Newala

Jambo moja halijaguswa na linaumiza watu: kukopa kwa ajili ya Idi. Machi mkulima hana kitu, korosho ni za Oktoba. Anakuja mtu na hela taslimu, anachukua ahadi ya kilo za msimu ujao kwa bei ya kutupa. Hiyo ni kangomba, imepigwa marufuku, na bado inafanyika kimyakimya wakati wa sikukuu na wa ngoma. Mfano tu: ukiahidi kilo 50 kwa 1,000 unapata 50,000. Mnadani ikifika 2,500 kwa kilo, mkulima amelipa 125,000 kwa zawadi za 50,000. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mitaani, ni hivyohivyo, ila marejesho yake yanaanza wiki ileile. Mwenye kukosa kabisa apunguze mkono wa Idi hadi 500 kwa mtoto, apike pilau, awakaribishe. Hakuna mtoto aliyehesabu noti akiwa anakula.

Shangani_Bi_Hesabu

Na kwa wenye ndugu Dar, msihangaike kununua vitu vya Kariakoo vije huku halafu virudi. Pelekeni korosho zilizobanguliwa. Nunueni moja kwa moja kwa kina mama wabanguaji, kilo moja inagawanyika zawadi nne za robo. Namba za daraja zisiwatishe: W240 ni kubwa kuliko W320, maana namba ni idadi ya punje kwa ratili. Za kupikia mchukue vipande, bei iko chini na ladha ni ileile. Zilizokaangwa zipoe kabisa kabla ya kufunga, zikifungwa na joto zinatoa jasho na kulainika. Mfuko mara mbili, hewa itolewe.

Mzigo upelekwe kituo cha basi siku tano kabla, wenye jina, namba ya simu na risiti. Mvua zikiwa kubwa ongezeni siku. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na magari yalikwama pande zote mbili. Gharama ya mzigo iandikwe kwenye jina la mpokeaji, kama ile ada ya kutolea.