Obama aliposhinda 2008, Wazungu wa kule walipokeaje? Waliokuwepo naomba mtueleze

KijanaWaSongea
Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2008 nilikuwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni kanga za "Hongera Barack Obama" na mzee wangu kung'ang'ania redio. Jana kijiweni umezuka ubishi mkubwa. Mmoja anasema siku ile Wazungu wa Marekani waliuzika ubaguzi kwenye sanduku la kura, mwingine anasema ndiyo kwanza walichochewa. Wote wawili hawajawahi kuvuka hata Tunduma. Kuna aliyekuwa kule aliyeyaona kwa macho yake?

MvuviWaKisumu
Ya kule siyajui, ya huku ninayo. Matokeo yalitufikia Jumatano saa moja asubuhi. Rais wetu Kibaki akatangaza Alhamisi tarehe 6 Novemba iwe sikukuu ya taifa, na mbuzi walikiona. Kumbuka mwaka huo ulianza na damu ya uchaguzi wetu wenyewe, watu zaidi ya elfu moja walikufa. Utani uliokuwepo ni kwamba Mluo (kabila la baba yake Obama) ataingia Ikulu ya Washington kabla ya ile ya Nairobi. Tulicheka, lakini uliuma.

MtangaVirginia
Nilikuwepo. Nilikuwa Richmond, Virginia, zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Huo mji ndio uliokuwa makao makuu ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita kulinda utumwa, na mwaka 2008 sanamu ya Jenerali Lee, kamanda wa jeshi lao, juu ya farasi wake ilikuwa bado imesimama barabarani. Waliishusha 2021.

Wazee karibu wote walikuwa weupe, na walishalala. Kwenye televisheni ya ukumbini tulikuwa wafanyakazi tu. Alikuwepo mama mmoja wa jikoni, Mmarekani mweusi wa zaidi ya miaka hamsini. Zamu yake ilikuwa imekwisha zamani lakini hakuondoka, na ile stika ya "Nimepiga kura" bado alikuwa ameibandika kwenye aproni. Kila jimbo likitangazwa sisi tunapiga kelele, yeye kimya. Nikamuuliza mbona hafurahi. Akasema, "Subiri. Mimi nilimwona Wilder."

Douglas Wilder, mtu mweusi, aligombea ugavana wa Virginia mwaka 1989. Wahoji wa maoni walimpa uongozi mnono. Siku ya kuhesabu alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 7,000. Watu walimjibu mhoji kistaarabu, wakaingia nyuma ya pazia wakafanya yao. Kwa hiyo yule mama hakuamini takwimu ya mtu yeyote.

Karibu saa tano usiku Virginia ikaenda kwa Obama. Chama chake hakikuwa kimelichukua jimbo hilo tangu 1964. Dakika chache baadaye wakatangaza nchi nzima. Mama akatoka koridoni na simu, akampigia kaka yake. Walitoka Farmville, wilaya ya Prince Edward. Mahakama ilipoamuru watoto weusi na weupe wasome pamoja, wakubwa wa wilaya ile walizifunga shule zote za serikali, kuanzia 1959 hadi 1964. Watoto weupe walifunguliwa shule ya binafsi. Weusi wakabaki nyumbani miaka mitano, na kaka yake hakurudi darasani tena. Nilimsikia akimwambia: "Weka sauti, weka sauti umsikie."

Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia, "Hongera, mtoto wetu wa Afrika Mashariki kashinda." Alinigeukia kama nimemwibia mkoba. "Baba yake alikuja kusoma, akarudi kwao. Aliyedaiwa dola moja na nusu ya kodi ili apige kura ni bibi yangu." Na kweli kodi hiyo ilikuwepo Virginia. Kwenye uchaguzi wa jimbo waliiondoa mwaka 1966 tu, tena kwa amri ya mahakama. Nikanyamaza. Tuliopiga vigelegele siku ile hatukuwa tunashangilia kitu kimoja, na hilo wengi wetu huku nyumbani hatulioni mpaka leo.

Sasa Wazungu, maana ndiyo uliuliza. Msimamizi wetu, nesi mweupe, alilia, akatukumbatia mmoja mmoja, akasema wanawe sasa watakua bila kuona rangi ya mtu. Mama wa jikoni alikubali kukumbatiwa. Nesi alipoondoka, mama akaniambia, "Huyo anajipongeza mwenyewe." Asubuhi nikampelekea uji mzee mmoja niliyezoea kumhudumia. Akaniuliza, "Nawe ulimpigia?" Nikamwambia mimi si raia, sipigi kura. Akasema, "Vizuri," akachukua kijiko akala. Mpaka leo sijui alimaanisha nini na sikutaka kujua.

Ukitaka hesabu: Obama alipata asilimia 43 ya kura za Wazungu na 95 za weusi. Wazungu walio wengi walimpigia McCain, mpinzani wake mweupe. Ila Kerry, mweupe wa chama hicho hicho, mwaka 2004 alipata 41 tu kwa Wazungu. Kwa hiyo wale ndugu zako wa kijiweni wote wamekosa.

Na usiku ule ule mambo mawili yalitokea. Kule Phoenix wafuasi wa McCain walipoanza kuzomea jina la mshindi, yeye aliwatuliza kwa mikono na kuwaambia uchaguzi huu una uzito wa pekee kwa Wamarekani weusi. Springfield, Massachusetts, saa chache baadaye, kanisa la waumini weusi lililokuwa linajengwa likachomwa moto. Vijana watatu weupe walitiwa hatiani kwa kitendo hicho.

KijanaWaSongea
Shukrani sana mkuu. Na lile la kudai hakuzaliwa Marekani, aonyeshe cheti cha kuzaliwa?

MtangaVirginia
Hapo kuni nyingine tulizitoa sisi. Mwaka 2004 gazeti moja la Nairobi lilishamwandika "mzaliwa wa Kenya", kwa majigambo tu, na waliomkataa kule wakalikata na kulihifadhi kama ushahidi. Ikulu ya Washington ilitoa cheti kamili cha Hawaii tarehe 27 Aprili 2011. Niambie rais gani mweupe aliwahi kudaiwa hivyo mpaka akatoa.

BintiWaUpanga
Samahani kaka, naona unawabana sana. Iowa wakati ule zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa weupe, na ndiko alikoshinda mchujo wa kwanza Januari 2008. Bila hao asingefika popote. Mbona hao huwataji?

MtangaVirginia
Dada yangu, hoja yako nzito, na Iowa walimpa tena Novemba ile na mwaka 2012. Wengi walimpenda kwelikweli. Mwaka 2016 jimbo hilo hilo likaenda kwa Trump, aliyekuwa kinara wa kudai kile cheti, kwa tofauti ya pointi zaidi ya tisa. Sisemi wote waliohama walihama kwa ajili ya rangi, viwanda na mishahara navyo vilikuwa na lake. Ila ukiniuliza kama kumpigia mtu mweusi mara mbili kunamtoa mtu ubaguzi, nitakujibu alivyonijibu yule mama: subiri.