Tumechoka kuuziwa vipuri vya kung'aa huku breki zetu hazishiki

Assalaam alaykum ndugu wanajukwaa. Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha, ingawa nimejizuia siku nne nzima nisije nikaandika maneno ambayo mtu wa skuli hapaswi kuyaandika.

Mimi ni mwalimu, nakaa upande wa Mkoani, Pemba, na baiskeli ndiyo chombo changu cha kila siku. Anayeijua Pemba hahitaji kuelezwa habari ya vilima. Ukitoka bandarini Mkoani unaanza kupanda kabla miguu haijapata moto, na njia ya Chake Chake, kilomita 30 hivi, ni ya kupanda na kushuka. Baiskeli yangu ni ile ya milimani ya bei ya kawaida, yenye spoketi (yale magurudumu ya meno yanayovutwa na cheni) tatu mbele za meno 28, 38 na 48, na nyuma ina friwili, yaani rundo la spoketi za nyuma, ya gia saba, meno 14 hadi 28. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: nipande vilima bila ya kushuka nikaikokota, na niviteremke bila ya kusoma shahada njiani.

Nilipovuka kwenda Unguja kwa shughuli za mitihani, niliingia duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, nikamweleza muuzaji haja yangu kama nilivyoieleza hapa. Hakuniuliza habu yangu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ni ya aina gani, hakuniuliza ringi zangu ni za chuma au za alumini, wala hakuniuliza napita njia gani na nabeba nini. Alichonijibu ni hiki: "Maalim, baiskeli ni gia, ukishabadilisha gia umebadilisha baiskeli." Kisha akanitandikia mezani kihamisha gia cha nyuma cha gia tisa na mkono wake wa kubadilishia, cheni nyembamba, kaseti (rundo la spoketi za nyuma la aina nyingine) inayong'aa kama bangili za bibi harusi, krenki (mikono inayoshika pedeli) nyepesi ya alumini, na jozi ya tairi za inchi 26 alizosema ni zawadi ya nusu bei. Jumla ikawa shilingi 460,000, nami, kwa ujinga wangu, nikalipa.

Fundi wangu wa Mkoani, mzee aliyeanza kutengeneza baiskeli nami bado nakwenda chuoni na msahafu kwapani, aliipokea ile kaseti, akaizungusha mkononi, akanitazama kwa huruma. "Maalim, hii utaivisha wapi?" Kaseti huchomekwa kwenye habu yenye mifereji, ambayo ndani yake mna kile kitu kinachozunguka upande mmoja na kushika upande mwingine, lakini habu yangu ni ya nyuzi kama za skrubu, na friwili yake inafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Havikutani hata ukivibembeleza. Kwa hiyo kaseti haikukaa, na kwa kuwa haikukaa, mkono wa gia tisa haukuwa na kazi, kwani mwendo wa waya wake kwa kila gia si sawa na ule wa gia saba. Kosa moja limeua vipuri kadhaa.

Zikaja zile tairi. Ubavuni mwake zimeandikwa 26 x 1 3/8, na za baiskeli yangu zimeandikwa 26 x 1.75. Muuzaji anaona 26 na 26, anaridhika. Lakini tazama ile namba ya milimita iliyochapwa pembeni, ambayo ndiyo inayosema kweli: za kwangu ni 559 na alizoniuzia ni 590, yaani kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi kimezidi kwa milimita 31. Anayeuza tairi bila ya kuisoma namba hiyo ni sawa na anayeuza viatu kwa kuangalia rangi.

Nilipopiga simu nikaambiwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikauliza: hata kama muuzaji ndiye aliyeichagua? Simu ikakatwa.

Sasa nageukia humu humu jukwaani, kwa sababu lawama haiwaishii wenye maduka. Kabla sijanunua niliomba ushauri hapa, na nusu ya majibu yalikuwa ya kuniambia nipunguze uzito. Hebu tufanye hesabu. Mimi nina kilo 72, baiskeli kilo 16, na mkoba wangu wa madaftari kilo 7. Jumla ni 95. Krenki ile nyepesi imepunguza gramu 300, ambazo ni kama theluthi ya asilimia moja ya mzigo wote unaopanda kilima. Nikipunguza madaftari matatu manne nimepata faida ile ile bila ya kutoa senti. Kwa wanaoshindana sekunde, gramu 300 zina maana yake. Kwa mwalimu anayewahi kipindi cha kwanza hazina.

Na kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyelitaja, na ndilo lililonitia hasira zaidi ya pesa. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya masika, nilikuwa nateremka kuelekea bandarini Mkoani, krenki mpya ikimeremeta, nikabana breki zote mbili na baiskeli isijali hata kidogo. Ringi zangu zilikuwa za chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa huwa kama sahani iliyopakwa mafuta. Mipira ya breki inapita juu yake bila ya kushika. Nilisimama kwa kuburura miguu, na makubadhi yangu yakaachia soli mbele ya wachukuzi waliokuwa wakisubiri boti. Ringi za alumini zinashika vizuri zaidi mvuani, na hili ni jambo la zamani linalojulikana. Muuzaji aliyeniuzia kasi ya kupanda hakufikiri kwamba kila kilima nitakachokipanda nitakiteremka.

Yule mzee ndiye aliyenitoa. Kwanza alitoa rula, akapima cheni yangu ya zamani kutoka pini hadi pini: viungo ambavyo vikiwa vipya ni inchi 12 kamili vilikuwa vimefika 12 na moja ya nane. Cheni iliyovutika kiasi hicho imeshayala na meno ya friwili, kwa hiyo vyote viwili vilikuwa vya kutupa. Akanifungia friwili ya nyuzi, gia saba zile zile, meno 14 hadi 34, na cheni yake, baada ya kuhakikisha kwamba kihamisha gia changu cha zamani kinaifikia spoketi ya meno 34. Kwa spoketi ya 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli ulikuwa unalizungusha gurudumu mara moja. Kwa 34 unalizungusha mara 0.82, na mguu unaihisi tofauti hiyo pale pale. Akasuka ringi za alumini kwa spoku mpya, akatia mipira ya breki na waya mpya, kwa kuwa zile za awali zilikuwa zimeliwa na kutu ya hewa ya pwani. Tairi zenye vinundu tukaziacha, tukatia laini za 559 na kuzijaza upepo ipasavyo, na hizo peke yake zimenipa wepesi kwenye lami kuliko vyote alivyonitandikia yule bwana. Gharama yote, pamoja na ufundi, haikufika nusu ya zile 460,000.

Muuzaji yule aliniapia kwa jina la Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, nami sina ugomvi na kampuni hiyo, iliyoanzia Sakai, Japani, mwaka 1921. Kitu walichoanza kukitengeneza kilikuwa friwili, kipuri kile kile alichoniambia kimepitwa na wakati.

Wenye maduka mnaosoma hapa, andikeni kwenye karatasi ya bei kwamba kipuri ni cha habu ya nyuzi au ya mifereji, ni cha gia ngapi, na tairi ni la milimita ngapi. Ninyi washauri, mkiulizwa, ulizeni kwanza habari ya ringi na breki.

Kaseti ya gia tisa, kihamisha gia, mkono wake na cheni bado viko katika maboksi yao juu ya kabati langu. Mwenye habu ya mifereji inayozikubali gia tisa aniandikie. Nitampa kwa nusu bei, ila nitamtaka anitumie kwanza picha ya habu yake kabla sijapokea pesa.