Tupeane uzoefu: gemu la bao ndani ya brauza, maoni na mbinu za kuliboresha

Kete64
Wakuu, uzi huu ni wa wanaotengeneza vigemu vya kuchezwa ndani ya brauza bila kupakua chochote. Tusitawanyike, mfano wetu uwe mmoja: bao la Kiswahili, watu wawili kwenye simu moja, HTML na JavaScript tupu, kanvasi moja (eneo la kuchorea ndani ya ukurasa), bila injini (programu ya kuundia magemu). Mpangilio wa kuanza uko sawa: mashimo 32, kete 6 nyumbani (nyumba ni shimo maalumu la safu ya mbele), 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 mkononi kwa kila mchezaji. Yanayosumbua ni haya: gemu linaganda katikati ya mtaji (zamu ya kula na kusambaza kete), picha zina ukungu, na kwenye simu nyingine sauti haitoki. Ukitoa maoni taja simu, brauza na toleo lake, na ulichogusa kabla tatizo halijatokea. "Liko poa" halimsaidii mtengenezaji.

Fundi_Namua
Hapo kwenye kuganda, mkuu, usiilaumu simu. Chanzo ni sheria zenyewe. Kwenye bao kuna mitaji isiyoisha kabisa: kete ya mwisho inaangukia shimo lenye kete, zinachotwa zote, zinasambazwa, inaangukia tena penye kete. Ukiandika hayo ndani ya *while* moja (amri ya kurudia rudia), brauza haipati nafasi ya kuchora wala kupokea mguso, na mwisho inaleta ujumbe kwamba ukurasa haujibu.

Igawe kazi. Funksheni moja idondoshe kete moja tu na kurudisha hali mpya ya bao, halafu uchoraji ndio uite hatua inayofuata. Kabla ya kumruhusu mchezaji, piga mtaji wote kwenye nakala ya safu ya mashimo, bila kuchora. Ukipita kete 1,000 zilizodondoshwa bila kulala (yaani bila zamu kuisha), uzuie na umwambie achague mtaji mwingine. Hiyo ni kanuni yako wewe, kwa hiyo iandike wazi kwenye ukurasa wa sheria, wazee wa bao wasije wakakushangaa.

Jambo la pili, na hili nalishikilia sana: baada ya kila hatua jumlisha mashimo yote 32, kete za mikononi, na zile ambazo bado zinasambazwa. Jumla isipokuwa 64, simamisha gemu na uandike hali ya bao kwenye konsoli (dirisha la brauza la kuonyesha makosa). Makosa mengi ya kula yananaswa hapo. Kwa kawaida shimo la mpinzani halikufutwa baada ya kuliwa, au limefutwa kabla idadi yake haijasomwa.

Mama_Kichwa
Naongezea upande wa sheria, maana gemu likikosea hapo mtu anayejua bao analifunga hapo hapo.

Swali la "kushoto au kulia?" lisitokee kila mara. Mwanzo wa zamu, ukila shimo la kati, mchezaji anachagua kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia) cha kuanzia kusambaza kete alizokula. Ukila kwenye kichwa au kimbi (shimo linalofuata kichwa), kete zinaanzia kichwa cha upande huo huo, hakuna kuuliza. Ukila tena ndani ya zamu ile ile, mwelekeo unabaki ulivyokuwa mpaka kichwa au kimbi kiubadilishe.

Kwenye namua (awamu ya kwanza, ya kuingiza kete za mkononi), zamu iliyoanza kwa kula ikiishia kwenye nyumba yako ambayo bado ni nyumba, na hapo haili, mchezaji aulizwe: alale au asafiri, yaani azichote kete za nyumba na kuendelea kusambaza? Kwenye takata (zamu isiyo na kula) hakuna swali, inalala. Kwenye awamu ya mtaji (kete za mkononi zikiisha), shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanza kula. Na safu ya mbele ikibaki tupu, mchezo umeisha papo hapo, hata kama ni katikati ya zamu na safu ya nyuma imejaa.

pikseli_tz
Ukungu: kanvasi yako ina pikseli chache kuliko kioo. Zidisha *canvas.width* na *canvas.height* kwa *devicePixelRatio* (pikseli halisi za kioo kwa kila pikseli ya CSS), ukubwa wa CSS uache ulivyo, kisha *ctx.scale* kwa namba hiyo hiyo. Fanya mara moja, na tena simu inapogeuzwa tu, kwa sababu kugusa *width* kunafuta mchoro wote pamoja na hiyo *scale*. Kwa simu dhaifu namba hiyo isizidi 2.

Upana wa 360 ukigawa kwa mashimo 8 unapata 45 kwa kila shimo, kidole kinatosha kwa shida. Kwa hiyo mraba mzima upokee mguso, duara la shimo lichorwe dogo ndani yake. Kete zikizidi sita, andika idadi, hakuna atakayezihesabu.

Mtaji_Mrefu
Sauti: *AudioContext* (sehemu ya brauza inayopiga sauti) huanza ikiwa imesimamishwa mpaka mtu aguse ukurasa. Ita *resume()* ndani ya kitufe cha "Anza". Tumia mp3, maana ogg inakataliwa na Safari za zamani. Mlio mmoja wa nusu sekunde kwa kilobiti 96 kwa sekunde ni kama kilobaiti 6. Ubadilishe kasi kidogo, 0.9 hadi 1.1, kila kete isikike tofauti.

Mwendo wa kete upime kwa muda, usihesabu fremu (kila mara kioo kinapochorwa upya). Kioo cha hertzi 120 kitakimbiza kete mara mbili ya kile cha 60. Na muda kati ya fremu mbili uwekee kikomo cha milisekunde 50, la sivyo mtu akipokea simu na kurudi, kete zinaruka.

Kete64
Asanteni sana. Na kuhifadhi mchezo ambao haujaisha?

pikseli_tz
*localStorage* (hifadhi ya brauza ndani ya simu), lakini inapokea maandishi tu, kwa hiyo pitisha kwenye *JSON.stringify*. Hifadhi mashimo 32, mikono miwili, zamu ni ya nani, na kama kila nyumba bado ni nyumba. Hilo la mwisho husahaulika, na huwezi kulikisia kwa kuhesabu kete. Ufunguo uwe na toleo, mfano *bao-v2*, ili ukibadilisha muundo data ya zamani isivuruge gemu jipya.

Fundi_Namua
Kabla hujapandisha gemu mtandaoni, kagua majina ya faili: Kete.png na kete.png ni kitu kimoja kwenye Windows, ila kwenye seva nyingi ni faili mbili, na picha haitaonekana. Ukitumia itch.io (tovuti ya kuweka magemu), index.html ikae juu kabisa ndani ya zipu, isiwe ndani ya folda.